Kombe la Bibi wa Dirishani

Familia ya Bi Fakhriya ilikuwa na kitabu ambacho ilikuwa ikikinywa kwa vizazi vitatu. Kauli hiyo ichukuliwe kama ilivyo. Wengine wakirithi kitabu hukisoma, hukiuza, au hukifungia kabatini mpaka mchwa wamalize kazi. Watu hawa walikifunua kwenye picha, wakalowesha pamba kwa marashi mawaridi, wakaisugua rangi taratibu mpaka ikalegea, wakaikamua pamba ndani ya sahani nyeupe ya kaure, na maji yaliyopatikana wakampa mgonjwa. Kombe linajulikana pwani nzima: aya huandikwa kwa zafarani juu ya sahani, huoshwa, hunywewa. Mtu ana hiari ya kuliamini au kutoliamini; zafarani haijapata kumdhuru. Katika sahani ya nyumba hii, mjini Ibra, hamkuwa na zafarani wala aya. Mlikuwa na rangi za mchoraji wa Kiajemi aliyekufa zamani, na njano yake, aliyoipenda kuliko rangi zote, ilitoka katika jiwe la zarnikhi, ambalo ndani yake mna sumu ileile waliyokuwa wakiulia panya. Aliyekuwa akinywa mwaka 2001 ni Tamima, mke wa Marhoun mwana wa Bi Fakhriya, mwenye mimba iliyoingia mwezi wa saba baada ya mbili kuharibika.

Dada wa Tamima, Rawya, aliendesha gari kutoka Nizwa asubuhi ya Alhamisi moja ya mwezi wa Machi, kwa njia ya Sinaw, bila ya kujua lolote kati ya hayo. Kazi yake ilikuwa kutengeneza vitabu vya kale vya mkono katika maktaba ya ukoo mmoja wa Nizwa, na ufundi huo aliusomea Kairo. Alikuwa mwanamke asiyelikubali jambo mpaka aligeuze pande zote mbili, tabia inayofaa sana kwa karatasi.

Tamima alimfungulia mlango mwenyewe.

"Umekonda," Rawya akasema.

"Mwenye mimba hakondi. Miguu tu inaniwaka."

"Inakuwaka vipi?"

"Kama nimekanyaga makaa, yaani. Mchana inatulia kidogo. Mama anasema ni mtoto anakaza mizizi."

"Mtoto hana mizizi."

"We nawe! Ingia ndani kwanza, usianze mlangoni."

Rawya alimshika mkono ili wapande ngazi, na hapo ndipo alipoziona kucha. Juu ya kila moja ulikatiza mstari mweupe, kisha mwingine juu yake, na mwingine, kwa mpangilio kama wa maji yaliyopanda na kushuka ndani ya birika. Alama hiyo aliwahi kuiona mara moja, katika darasa walilofundishwa rangi zipi za zamani zisiguswe kwa mkono mtupu. Aliiweka moyoni. Kucha za mwenye mimba hupatwa na mengi.

Bi Fakhriya alikuwa ameketi juu ya zulia, mbele yake kahawa na sinia la halwa. Alizaliwa Ujiji, akakulia Bujumbura, akaletwa Ibra na mumewe katika miaka ya sabini, na kote huko hakukiacha Kiswahili cha mama yake, aliyekuwa mtu wa Unguja mjini. Mumewe alikwishafariki. Nyumba ilikuwa ya mwanawe, na kila mtu ndani yake alijua kwamba mwenyewe ni mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu, karibu sana. Hebu nikutazame. Bado wafuta vumbi la vitabu?"

"Bado, mama."

"Na wanaume wa Nizwa wamekwisha?"

"Wapo. Kuwaona tu kunanitosha."

"Mtazameni! Ana ulimi huyu." Bi Fakhriya akacheka, akamnyooshea mkono aubusu.

Rawya aliubusu, na midomo yake ikakutana na punje ngumu zilizotapakaa kiganja kizima, ndogo kama za mtama. Alipoinua kichwa aliona shingo ya mwanamke yule: ngozi nyeusi iliyojaa madoa madogo yaliyopauka, mfano wa vumbi lililodondokewa na manyunyu.

"Watazama alama zangu," Bi Fakhriya akasema, bila ya haya. "Za kitabu hizo. Mama yangu alikuwa nazo, na Badriya dada yangu alikuwa nazo. Mtu hupewa, hazitafutwi."

"Kitabu gani, mama?"

"Hajakwambia mdogo wako? Tamima! Dada'ko ni mtu wa vitabu nawe humwambii kama tunacho?"

Tamima alikuwa akiyatazama maua ya zulia. "Nilitaka kumwambia. Hii kitabu siyo ya kuambia kwa simu."

"Kitabu hiki, si hii. Mtoto wa Kiarabu wewe. Kilete."

Kililetwa ndani ya kitambaa cha hariri kilichofukizwa udi. Rawya alinawa mikono, akaikausha, akakifunua juu ya mto. Jalada lilikuwa la ngozi nyekundu iliyopasuka mgongoni. Ndani, maandishi yalishuka kwa safu nne katika kila ukurasa, mwandiko wa mteremko, wino ungali mweusi kabisa. Kisha akafika kwenye picha ya kwanza, na kwa muda hakuelewa anachokitazama. Farasi mweupe alikuwa akikimbia juu ya majabali ya zambarau, ametandikwa, hatamu zake zimekazwa hewani. Juu ya tandiko palikuwa na umbo la mtu, jeupe, tupu, lenye kingo zilizochujuka.

Akafunua tena. Jeshi lilipangwa mbele ya ngome, na panga zilizoinuliwa zilishikwa na utupu. Bustani yenye mto mwembamba, zulia, mitungi, vikombe viwili. Hapakuwa na wa kuvinywea. Karatasi ya mahali pale ilikuwa imekwaruzwa mpaka imeota manyoya.

"Huyu alikuwa Seyyid wa Farasi," Bi Fakhriya akasema, kidole chake kikielea juu ya ule utupu wa kwanza. "Aliivuka Tanganyika juu ya farasi asilowe kwato. Ami yangu alimnywa kwa homa."

"Akapona?"

"Homa akapona."

"Kisha?"

"Kisha akafa. Lakini si kwa homa."

Rawya akarudi kwenye ile bustani. "Na hawa wa vikombe?"

"Hao aliwanywa Badriya, alipokuwa hashiki mimba. Akashika, wallahi, mwezi huohuo."

"Mtoto yuko wapi sasa?"

"Yuko na mama yake," Bi Fakhriya akajibu kwa upole, akimimina kahawa.

Rawya hakuhitaji kuuliza mama yake yuko wapi. Babu wa Bi Fakhriya, kama bibi huyo alivyosimulia, alikipata kitabu hicho kwa askari wa Kibulushi aliyefia nyumbani kwake Ujiji. Mashekhe waliokuja kuzika walikifunua. Herufi walizijua zote, neno hawakulijua hata moja, na kwa kuwa walikuwa watu waliozoea kujua, waliona afadhali kisemekane ni cha malaika kuliko kisemekane kimewashinda. Wakakata shauri kwamba kile ni Kisuryani, lugha inayosemwa na malaika. Toka siku hiyo kitabu kikawa dawa. Mashekhe hao hawakuwa wajinga. Walifanya anachofanya kila msomi anapokuta mlango uliofungwa, wakaupa jina na kuondoka.

"Na Tamima anamnywa nani?" Rawya akauliza, ingawa sauti yake haikuwa tena ya mtu anayeuliza.

Bi Fakhriya akafunua mahali palipotiwa uzi. Ilikuwa picha pekee ambayo bado ilikuwa na mtu. Mwanamke alisimama katika dirisha refu la kasri, vazi lake la njano likimetameta kama mbegu za haradali zilizotiwa mafuta, mkono mmoja ameuweka kifuani. Alikuwepo kuanzia kiunoni kwenda juu. Chini ya kiuno dirisha lilikuwa tupu.

"Bibi wa Dirishani. Kila Alhamisi baada ya alasiri, tangu mimba ilipojulikana. Twaanza miguuni twapanda, ili mtoto ageuke kichwa chini. Njano ndiyo yenye nguvu. Nyekundu ni ya damu, buluu ni ya macho. Nani alikufundisha wewe kushika karatasi vizuri hivyo?"

Chini ya picha palikuwa na beti mbili. Kiajemi cha Rawya kilikuwa cha kazini, cha kamusi na subira, lakini kilitosha. Akasoma polepole, kisha akaeleza: mwana wa mfalme aitwaye Behkam anamwona Mahtan dirishani, na upanga unamtoka mkononi kwa mahaba.

"Hiki ni Kiajemi, mama. Hadithi ya ushujaa na mapenzi. Walikuwa wakisomewa watu wakubwa baada ya chakula."

Tamima alimtazama mkwewe kama mtu anayesubiri ukuta uanguke. Bi Fakhriya alikunywa kahawa yake hadi mwisho, akakitikisa kikombe kuonyesha kwamba amekinai.

"Basi wewe umesoma jina lake la duniani," akasema.

Marhoun aliingia wakati huo, amebeba mkate na makopo ya maziwa. Alikuwa mkuu wa ghala katika duka la vifaa vya ujenzi, mtu mpole, aliyezoea kupatanisha madereva na wateja. Rawya alimwomba aketi, kisha akawaambia wote watatu alichokijua, kwa utaratibu, kama alivyofundishwa. Njano ile ni zarnikhi, jiwe linalouzwa hata sokoni Nizwa, ambalo wanawake walikuwa wakilichanganya na chokaa kuondolea nywele mwilini. Likikaa miaka mingi kwenye hewa na mwanga huoza, na uozo wake huyeyuka kwenye maji, na maji hayo ni sumu. Haiui kwa siku moja. Huonekana kwanza kuchani, miguuni, kwenye viganja, kwenye ngozi ya shingo. Mtoto tumboni hupata fungu lake.

"Hao wanyonyoka nywele kwa kupakwa," Bi Fakhriya akasema. "Nani amempaka? Sisi twanywa."

"Mama, ngoja," Marhoun akasema.

"Singoji. Mimi nimekunywa kwa mimba zangu zote. Huyu aliyekaa hapa na makopo ya maziwa katoka wapi?"

"Mimba zote zilikuwa ngapi, mama?" Rawya akauliza.

Mwanamke yule alimtazama. Kwa mara ya kwanza hapakuwa na mzaha usoni mwake. "Aliyepona kapona kwa kitabu," akasema. "Waliokwenda walikuwa wameitwa."

Chetezo kilikuwa pembeni, makaa yangali mekundu. Rawya alisugua kidole juu ya ukingo wa lile vazi, akapata unga wa njano kiasi cha kichwa cha kibiriti, akawataka wafungue madirisha na wasogee, akautupia juu ya kaa. Moshi mweupe ulipanda. Harufu ya vitunguu thaumu ikaenea chumbani, kali, ya wazi, kama mtu amevitwanga pale zuliani.

"Hiyo ndiyo sumu yenyewe," akasema. "Haina harufu nyingine ikiungua."

Lilikuwa jaribio sahihi, lililofanywa mbele ya watu wasio sahihi. Bi Fakhriya alikuwa amekwishapiga makofi.

"Thaumu! Mwasikia thaumu? Jini gani atakaa na thaumu? Mchawi gani? Wallahi miaka yote nilikuwa sijui kwa nini chafanya kazi. Rawya, Mungu akuweke, umenionyesha."

Marhoun hakucheka. Alimgeukia shemeji yake na kumwuliza swali ambalo mtu mwingine angelijibu kwa neno moja. "Una hakika kwamba ndicho kinachomdhuru Tamima?"

Rawya aliligeuza swali pande zote mbili. Rangi alikuwa na hakika nayo. Kucha zilielekea huko. Kiasi kilichomo katika sahani moja hakukijua. Wengine walikunywa wakaishi. Mimba huharibika kwa sababu nyingi. "Nashuku kwa nguvu sana," akasema. "Hakika itatoka maabara. Wapime nywele zake na mkojo."

"Kwa hiyo huna."

"Hakika kamili, bado."

"Mimi nnayo," Bi Fakhriya akasema.

Baada ya swala ya alasiri sahani iliandaliwa kama kawaida. Rawya, ambaye hoja zilikuwa zimemwishia, aliichukua kutoka mikononi mwa mdogo wake, akatoka nayo uani, akaimwaga kwenye mchanga chini ya mtende. Hakuna aliyemzuia. Aliporudi, Bi Fakhriya alikuwa akikikunja kitabu ndani ya hariri, uso umetulia.

"Lile lilikuwa fungu la mtoto," akasema. "Sasa limenywewa na ardhi. Ardhi ikionja kitu hukitaka chote."

Asubuhi yake Rawya alimpeleka Tamima hospitali. Daktari, Mhindi mwenye haraka na adabu, alizitazama kucha, akaacha haraka yake. Alichukua nywele na mkojo, akaeleza kwamba kipimo hicho hakifanywi pale, kitapelekwa Maskati, na majibu yatachukua muda. Wakati huo, akasema, asinywe dawa yoyote ya nyumbani. Marhoun alikubali, na kwa kuwa alikubali mbele ya daktari, mama yake naye hakusema kitu. Rawya aliomba kitabu aende nacho Nizwa akitengeneze mgongo. Bi Fakhriya alimjibu kwamba mgongo wa kitabu umepasuka kwa kubeba watu, wala hauna haja ya kutengenezwa.

Siku zilizofuata Rawya alipiga simu kila jioni. Miguu imepungua kuwaka, Tamima alisema. Amekula. Amelala. Siku moja hata alicheka, akimwigiza mkwewe akisema na paka. Rawya, mezani kwake Nizwa, alianza kuamini kwamba mambo yanaweza kwenda yalivyopaswa kwenda, imani ambayo kwa kawaida hakuiruhusu.

Jumatano simu ilipigwa na Tamima mwenyewe, kabla ya adhuhuri.

"Mtoto hachezi," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu jana. Alikuwa anacheza sana, sasa kimya. Nimekunywa maji ya baridi, nimelala ubavu, nimekula tende. Kimya, Rawya."

"Nenda hospitali sasa hivi."

"Tumeshaenda. Daktari anasema moyo unasikika, lakini polepole. Anasema turudi Jumamosi. Mama hajasema kitu. Ameketi tu na kitabu."

Rawya alifika Ibra Alhamisi, jua likiwa bado juu. Nyumba ilikuwa na ukimya wa matanga kabla ya maiti. Tamima alikuwa zuliani, ameegemea mito, mikono yote miwili juu ya tumbo. Marhoun kando yake, hajabadilisha nguo za kazini. Bi Fakhriya alikuwa na sahani magotini, na pamba mkononi. Alipomwona Rawya akaendelea na kazi yake.

"Shikamoo, mama. Usifanye hivyo."

"Marahaba. Kaa."

"Majibu hayajatoka."

"Mtoto ameshajibu. Alipokuwa akinywa alicheza. Mlipomkatiza akanyamaza. Wewe mtu wa ushahidi, nambie: huo si ushahidi?"

Tatizo la hoja hiyo ni kwamba ilikuwa na umbo la hoja. Rawya alieleza kwamba jambo kutangulia jambo jingine si sababu yake. Kwamba sumu iliyokwishaingia haiondoki kwa wiki. Kwamba moyo wa polepole wa mtoto huenda ndiyo kazi ya makombe yaliyotangulia. Alisema yote haya vizuri. Aliongea na Marhoun, kwa sababu yeye alikuwa mwanamume wa nyumba, na Marhoun alikuwa akiitazama mikono ya mkewe.

"Una hakika?" akauliza tena.

Safari hii Rawya alifungua kinywa aseme ndiyo. Neno lilikuwa tayari. Lakini alichelewa kidogo, kwa mazoea tu, na kuchelewa huko kila mmoja mle ndani alikuona.

"Basi anywe nusu," Marhoun akasema. "Nusu tu. Kama ni dawa, nusu itasaidia. Kama ni hilo unalosema wewe, nusu haitamwua. Mama, nusu. Rawya, nusu. Tusigombane mbele ya mgonjwa."

"Marhoun, hii si saruji," Rawya akasema. "Hapana mfuko wa nusu."

"Waniona mjinga?"

"Nakuona mwenye hofu."

"Mimi ndiye niliyewazika wale wawili," akasema, taratibu sana. "Wewe ulikuja kwenye rambirambi."

Bi Fakhriya aliikamua pamba. Katika ukurasa uliokuwa wazi kando yake, kifua kilikuwa kimekwisha, na mkono uliokuwa juu yake. Dirishani pamebaki uso mdogo wa mviringo unaoelea, na nyusi zilizokutana. Maji ya sahani yalikuwa ya njano kama chai dhaifu ya mgonjwa, na marashi yalinukia chumba kizima.

Rawya akapiga magoti mbele ya mdogo wake. "Tamima. Nitazame mimi, usimtazame mtu mwingine. Twende Maskati sasa hivi. Gari iko nje, ina mafuta. Huko wana mashine, wana madaktari wa watoto ambao hawajazaliwa. Usinywe, panda gari."

"Na tukifika wakaniambia amekufa?"

"Watakuwa wamekwambia kweli."

"Sitaki kweli," Tamima akasema. Hakuwa akilia. Kiswahili chake, kilichokuwa kikijikwaa siku zote, kilikuja safi, pengine kwa sababu alikwishayarudia maneno hayo peke yake mara nyingi. "Sikiliza, dada yangu. Nikikataa kunywa na mtoto akafa, mimi nimemuua. Nitakaa katika nyumba hii na mama huyu na mwanawe, kila siku, mpaka nizeeke, nami ni yule aliyekataa. Nikinywa akafa, alikuwa ameitwa. Tutalia pamoja. Watanipikia uji. Wewe utarudi Nizwa vyovyote vile."

"Na ukifa wewe?"

"Basi nitakuwa nimekufa mwema," akajibu, na Rawya hakuweza kujua kama alikuwa akidhihaki.

Alinyoosha mkono aizuie sahani. Tamima aliushika mkono huo, akaushusha juu ya zulia, na akaubana pale kwa goti lake, bila hasira, kama mtu anavyoizuia nguo isipeperuke. Kisha akaipokea sahani kwa mikono miwili, akapiga bismillahi, akanywa. Marhoun alihesabu mafunda kwa midomo. Ilipofika nusu akaigusa sahani, naye Tamima akaacha, akaiweka zuliani.

Nje, gari la maji lilipita likipiga honi, likaenda zake. Wote wanne walikuwa wakilitazama tumbo la Tamima chini ya kanga, kama watu wanaotazama mlango ambao mtu ameubisha kwa ndani. Lilisogea. Kwanza kidogo, upande wa kushoto. Kisha kwa nguvu, kanga ikainuka na kushuka, ikainuka tena.

"Amecheza," Tamima akasema. "Amecheza! Marhoun, weka mkono. Amecheza."

Bi Fakhriya alifumba macho na kumhimidi Mungu kwa sauti iliyovunjika, na machozi yake yalikuwa ya kweli. Marhoun aliweka mkono, akauacha hapo. Rawya aliendelea kutazama. Mateke yalikuwa ya mfululizo, ya haraka mno, bila ya pumziko kati yake. Kiumbe hucheza kwa furaha, kama wasemavyo kina mama. Hutupa miguu vilevile kinapoungua. Alilijua hilo, na alijua pia kwamba hakuwa na hakika ni lipi kati ya hayo mawili.

"Tamima, inatosha," akasema. "Imetosha sasa. Twende."

"Na amalizie," Bi Fakhriya akasema.

Rawya akamgeukia Marhoun, kwa kuwa nusu lilikuwa neno lake. Marhoun alijipangusa uso kwa mkono wa kanzu. Akainama, akaichukua sahani kutoka zuliani kwa uangalifu isimwagike, akamwekea mkewe mkono nyuma ya shingo, na akaiinua mwenyewe mpaka mdomoni.